Altezza Inagonga Chini: Mwongozo kwa Mwenye Gari wa Mpanda

Hongera kwa kununua Altezza. Toyota waliitoa 1998, ikatawazwa gari la mwaka huko Japani, wakaacha kuiunda 2005. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshafikisha umri wa kupiga kura. Serikali nayo iliipima kabla yako: gari la nje lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa uchakavu. Wewe uliangalia namba D na rimu zinazong'aa, ukalipa. Sasa kila ukiachia mafuta pale Makanyagio, chini kunalia "ko!" na bodaboda wote wanageuka. Usihangaike, utaratibu upo.

Anza kwa kumuuliza asiyewahi kumiliki gari. Huyo hana mashaka. Kisha nenda gereji.

"Fundi, inagonga chini."

"Sivi jointi hizo, bosi. Za mbele, zote mbili."

"Mbona hujaingia hata uvunguni?"

"Nimeisikia ikikata kona kuja hapa."

Toa hela, usibishe. Fundi wako amekulia kwenye Vitz na IST, magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambako usukani ukikatwa mpaka mwisho na ukasikia ka-ka-ka-ka, kweli ni sivi jointi. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mbele haina shafti wala hizo jointi. Lakini hayo ni mambo madogo. Mzigo utaagizwa Gerezani, Kariakoo, utapanda basi, utapita Tabora, na ukishafika Mpanda ndipo mtakapochuchumaa wawili mkitafuta mahali pa kuufunga.

Kwa wale wenye tabia mbaya ya kutaka kujua kabla ya kulipa, ipo njia nyingine, ingawa kijiweni haina heshima kwa sababu ni ya bure. Usiulize sauti inatoka wapi. Uliza inakuja lini. Ikija ukivuka tuta au rasta, uwe umekanyaga mafuta au hujakanyaga, achana na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Tazama bushi, stabilaiza linki na boli jointi. Boli jointi ya chini ikichomoka gurudumu linalala ubavu katikati ya barabara, kwa hiyo spika mpya zingoje kidogo. Ikija mara moja tu, ukiingiza rivasi, ukikanyaga au ukiachia mafuta, hapo ndipo penye propela, maunting na difu.

Kabla ya kuchafua shati, fungua buti. Jeki isiyofungwa na dumu la asali ya Inyonga, lile la shemeji ulilosahau kulifikisha, vimeshasababisha difu nyingi nzima kushushwa. Kisha kaza nati za tairi. Kila gurudumu lina 5, na kijana aliyekuzibia pancha juzi alipigiwa simu akiwa kwenye ya 4.

Bado inagonga? Haya, lala chini. Weka vigingi magurudumu ya mbele, inua nyuma, simamisha gari kwenye stendi (anayetumia tofali aage familia kwanza), gia iwe huru, handibreki ivutwe. Shika propela kwa mkono, izungushe kushoto na kulia huku jicho likiwa kwenye krosi, kiungo chake. Upande mmoja ukianza kwenda na wa pili ukachelewa kufuata, krosi ina pleyi na imekwisha. Mara nyingi utaona pia unga mwekundu wa kutu ukitoka kwenye vikombe vyake, maana grisi ilikauka zamani. Ilikuwa ikilia nyi-nyi-nyi ukitembea polepole, ukadhani ni ndege.

Sukuma propela juu pale katikati, kwenye senta beringi. Raba yake ikiwa imechanika, shafti nzima inapanda na kushuka. Maunting za difu nazo zitie nondo, uzibinye taratibu: raba iliyokufa hupanua mdomo. Na difu yenyewe? Itacheza kidogo, na inayo haki. Meno yake huachiwa nafasi kiwandani ili oili ipite na yasisagane. Mafundi wenye bidii huiondoa nafasi hiyo kwa kukaza. "Ko" hupotea, na baada ya muda huja mlio wa "uuuu" ambao hautapotea mpaka ununue difu nyingine.

Kwa majaribio, shika njia ya Sitalike. Redio zima, vioo shusha. Ukikaribia Hifadhi ya Katavi vipandishe tena, hasa kama Altezza yako ni ya bluu au nyeusi: mbung'o hupenda rangi hizo na hukimbilia kitu kinachotembea, kwa hiyo watakupanda bila nauli. Krosi ya mbele ikikatika humo, kichwa cha propela kinaanguka na kuchimba barabara. Usilale uvunguni kukagua. Humo kuna simba, na miguu yako itakuwa imebaki nje. Viboko wa Mto Katuma ndio viumbe pekee wa mkoa huu wasiokuwa na maoni kuhusu gari lako.

Yote yakishindikana, uza. Andika: "Altezza kali, namba D, AC inapoza, haijaguswa, bei maelewano." Mteja akija, endesha wewe: lami tupu, gia ya tatu, mguu utulie palepale, usikanyage wala usiachie. Akiomba ajaribu rivasi, punguza bei.