Kompyuta Inayonuka Samaki

Cherehani ya bibi ukiifunika kitambaa leo, miaka thelathini baadaye utaikuta ilivyo, na pengine itashona. Kompyuta za rika la Macintosh SE/30 ya mwaka 1989 na Amiga 1200 ya mwaka 1992 hazina adabu hiyo. Unaiweka kabatini ikiwa nzima, unaitoa ikiwa marehemu, na hakuna aliyeigusa.

Muuaji ni kapasita. Ni vikopo vya alumini vyenye kimo cha milimita chache, ndani mna karatasi iliyoloweshwa majimaji ya kemikali, na kazi yao ni kushika chaji kidogo ili umeme usirukeruke. Miaka ya mwanzo vinatulia. Kisha mpira ulioziba chini unachoka, majimaji yanachuruzika juu ya bodi, yanakula risasi, yanakula vijia vya shaba. Sauti hufifia, kioo kinaanza kuwaka mistarimistari, halafu kimya. Yote haya yanaendelea hata mashine ikiwa imezimwa, gizani, imelala zake.

Yangu ni ya rika hilo. Jina lake nalihifadhi, nisije nikaonekana naisengenya mbele za watu.

Yale majimaji yakiguswa na chuma cha kulehemu chenye moto yananuka samaki aliyechacha. Sitii chumvi: moshi wake una kemikali za jamii ya amini, ndugu wa zile zinazomfanya samaki mwenyewe anuke. Nilipogusa kapasita ya kwanza, Mama Neema alitoka chumbani, akafungua friji, akanusa, akafunga, akaja kusimama mlangoni.

“Baba Neema, umenunua samaki Feri ukawasahau kwenye begi?”

Nikamwambia ni kompyuta. Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kulikagua begi.

Kupata za kubadilishia nako ni mtihani. Kariakoo ukitamka kapasita, hujamaliza silabi ya mwisho umeshapewa ya feni. Mji mzima unaijua hiyo. Feni ya darini ikianza kuzunguka kivivu, hata mtoto wa darasa la nne atakutajia ugonjwa wake. Nikasema nataka maikrofaradi 47, volti 16, zile ndogo za kukaa juu ya bodi. Kijana akatia mkono kwenye bakuli la plastiki, akaibuka na ya maikrofaradi 1000.

“Bosi, chukua hii. Ni kubwa, itakaa zaidi.”

Nikamweleza kwamba namba ile si ya kupandisha kwa ukarimu. Akanipa ya 47, kweli, ila ya volti 400. Volti za kapasita kuzidi si dhambi, lakini ile ilikuwa na mwili ambao ungeniacha na mashine isiyofungika kifuniko. Duka la pili walikuwa na saizi yangu hasa, za kuchomolewa kwenye televisheni mbovu. Yaani nimtoe mzee nimweke mzee mwenzake! Mpya nilizipata kwa muuzaji wa jumla, ambaye hauzi moja moja. Mfuko una 100, mimi nahitaji kumi na kitu. Jirani yeyote mwenye upungufu wa maikrofaradi apige hodi.

Kulehemu kwenyewe kungekuwa starehe kama kapasita ingekuwa na mguu mmoja tu, wa chanya. Risasi ya mguu huo inayeyuka vizuri. Wa hasi umeungwa na bamba la shaba lililofichwa ndani ya bodi, na bamba hilo linanyonya moto wote. Chuma kinachemka, risasi inakutazama. Ukiingiwa na papara, kile kibati cha shaba ambacho mguu unakanyagia kinabanduka na kuondoka nao, na kuanzia hapo kazi yako ni kuunga vijiwaya.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni mstari. Kapasita ya alumini ina alama nyeusi upande mmoja, na alama hiyo maana yake hasi. Sawa. Wapo binamu zake wa tantalamu, hawana majimaji ya kuvuja, na watu wengi wanawapenda kwa kazi hii. Nao wana mstari upande mmoja. Wao mstari maana yake chanya. Naomba waliokubaliana hivyo wajitokeze! Na tantalamu ukiigeuza haikupi onyo, inaweza kuwaka moto palepale mezani. Watu wazima, wenye digrii zao, waliupa mstari uleule maana mbili zinazogombana, kisha wakaenda kula mchana. Nilinunua za alumini.

Kabla ya kufunga mpya, bodi inasuguliwa kwa spiriti na mswaki mpaka utelezi uishe. Mswaki ulipatikana bafuni. Mwenyewe atapata habari hapa.

Iliwaka. Mlio ukatoka, kioo kikatulia, kumbukumbu yote ya megabaiti 4 ikahesabika. Mpwa wangu aliyekuja likizo akasogea.

“Mjomba, inaingia WhatsApp?”

“Haiingii.”

“Sasa inafanya nini?”

Nikamwandikia barua mbele ya macho yake. Akatoa simu, akanionyesha picha ya ugali aliyoipiga mchana: megabaiti 5. Hakusema neno, na sikumpenda alivyonyamaza.

Hizo mpya nazo zina majimaji, usidhani. Mtengenezaji ameandika saa 2,000 kwenye joto la nyuzi 105, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10 maisha yake yanaongezeka maradufu. Ukizituliza kwenye nyuzi 45 unafika saa 128,000, zaidi ya miaka 14 ya kuwaka usiku na mchana. Kwa hiyo nimeihamishia mashine sebuleni, chini ya feni. Tangu juzi feni inazunguka kivivu. Mama Neema ameshanitajia ugonjwa wake, na duka.