Sahani za Mgeni Asiyefika

Tarehe 1 Juni 2019 haikuwa siku njema kwa watu wenye tabia ya kuweka vitu. Siku hiyo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutumika Tanzania, kama Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alivyokuwa amelieleza Bunge mwezi Aprili. Siku hiyohiyo, huko Narok, katika sherehe za Madaraka, Wakenya walitangaziwa noti mpya, wakaambiwa pia kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingekoma kuwa fedha baada ya tarehe 30 Septemba. Ya mazingira na ya fedha haramu yalisemwa na wenye kuyajua. Lisilosemwa ni kwamba serikali mbili jirani, bila kushauriana, ziliamka siku moja zikavamia hazina kuu mbili za nyumba zetu: chini ya godoro na nyuma ya mlango wa jikoni. Nyuma ya mlango huo huning'inia mfuko wa mifuko, yaani mfuko mmoja mnene ulioshiba wenzake, mingine ikiwa na majina ya maduka yaliyofungwa zamani, yote imekunjwa vizuri ikisubiri siku itakapohitajika. Siku yenyewe haikufika, ilifika sheria. Mama aliyeikusanya kwa miaka, kwa nia njema kabisa ya kuwafungia watu maandazi, alijikuta kumekucha anamiliki kitu chenye faini ya kuanzia shilingi 30,000, na hajui akitupe wapi bila kuonekana na majirani, ambao nao walikuwa wanahangaika na ya kwao.

Matukio hayo nayachukua kuwa ushahidi, kwa sababu watu wakiulizwa wanaamini nini maishani hujibu vizuri mno. Sikiliza malengo yanayotajwa mwezi Januari, au kwenye usaili wa kazi, au pale mshereheshaji anapompa bwana harusi kipaza sauti: kila mtu anathamini familia, afya, kumcha Mungu na kuishi kwa furaha. Hakuna anayesimama akasema lengo lake ni kufa bila kuzitumia sahani zake. Lakini nenda sebuleni kwake. Utakuta kabati la vioo lenye seti ya sahani za ukingo wa dhahabu, glasi zilizofunikwa kifudifudi, birika la kaure ambalo halijawahi kuonja chai, na kufuli dogo. Huko jikoni familia hiyohiyo inanywa chai kwa kikombe cha plastiki kilichokatika mkono. Kochi bado lina nailoni ya dukani. Juu ya nailoni pana kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pana onyo kwa watoto. Friji haijabanduliwa stika za kiwandani. Mimi nasema imani ya nyumba iko hapo, si kwenye hotuba, na kuieleza hakuhitaji maneno mengi: mwenye nyumba hii hajafika bado, sisi tuliomo tunamlindia tu. Tumejiajiri kuwa walinzi wa maisha yetu wenyewe, bila mshahara wala likizo, na kama mlinzi yeyote mwaminifu hatuthubutu kukalia kiti cha bosi.

Ulinzi huu una hasara zake, na nyingi zina kichekesho kilekile: kitu kinabaki salama, shughuli yake inapotea. Rimoti huvalishwa nailoni ili namba zisifutike. Nailoni nayo hupata ukungu wa mafuta ya vidole, baada ya muda hakuna anayeona namba hata moja, na nyumba nzima inabadili chaneli kwa kubahatisha, wakati ndani ya nailoni kila namba ni mpya kabisa. Kochi la nailoni, kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, humganda mgeni mapajani. Akiinuka kuaga hutoka mlio ambao kila aliyepo inambidi ajifanye hakuusikia. Suti ya sherehe husubiri sherehe inayoistahili, na sherehe ikipatikana tumbo limeshatangulia. Marashi ya bei kali huchacha yakiwa chupa nzima. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa khanga. Khanga hununuliwa kwa jina lake sawa na kwa rangi zake, na wapo wanaonunua doti kwa ajili ya mtu maalumu, jirani mmoja mwenye mdomo, ambaye yale maneno yanamkaa barabara. Mnunuzi akifika nyumbani, akitazama mji na pindo, anaona hii ni khanga nzuri mno, haifai kuvaliwa ovyo. Anaiweka kashani pamoja na kipande cha udi. Anapokuja kuitoa, jirani ameshahama. Au wamepatana, na sasa ndiye mweka hazina wa kikundi chao. Fumbo zima, la kununuliwa kwa pesa, limekosa wa kumchoma. Akiivaa hivyohivyo mtaa unaanza kuulizana anasemwa nani, na kabla ya magharibi wamenuna watatu wasiohusika.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni zito: hiyo si imani, ni ufukara. Aliyeinunua seti ile kwa kudunduliza, au siku alipopokea zamu yake ya upatu, ana haki ya kuiogopea, kwa kuwa sahani ikivunjika hakuna ya pili. Ningekubali na kunyamaza kama tungekuwa tunaweka vya thamani peke yake. Lakini tunaweka kila kitu. Mkebe wa bluu wa biskuti, ambao katika nyumba nyingi una sindano, nyuzi na vifungo visivyofanana, umewavunja moyo watoto wa vizazi kadhaa. Boksi la televisheni hutunzwa juu ya kabati hata baada ya televisheni yenyewe kufa na kuzikwa kwa fundi. Halafu wenye fedha nao hawajapona ugonjwa huu. Muda uliowekwa Kenya ulipokwisha, Benki Kuu ilieleza kwamba noti zaidi ya milioni 7.3 za shilingi 1,000 hazikurudi, mali inayopita shilingi bilioni 7. Bila shaka nyingine zilikuwa za watu wasiopenda kuulizwa walizipataje, na hao siwalilii. Sidhani, hata hivyo, kama zote zilikuwa za wezi. Fedha haina kazi nyingine duniani ila kutumika, na bado wapo wanaoificha mbali na mwizi kwa ustadi unaowashinda wao wenyewe kuipata. Tanzania nako, kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, Benki Kuu iliwaita wenye noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 wakazibadilishe. Miongoni mwazo ilikuwamo noti ya shilingi 20. Aliyekuwa ameihifadhi kwa siku ya shida, siku ya shida ilipofika ilimpasa kupanda daladala kuipeleka benki, na nauli ya kwenda tu ingemeza zaidi ya kumi za aina hiyo. Ufukara haumfundishi mtu hesabu ya namna hiyo. Hiyo ni itikadi.

Pingamizi la pili huja limevaa kanzu: kumwekea mgeni kilicho bora ni utu, na asiyejua hivyo hakulelewa. Sina ugomvi na utu. Naomba tu tuwasikilize wahenga wenyewe, ambao hawakuficha kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mwenyeji, mgeni asipokuwapo, ni mgonjwa. Kuku hachinjwi, mchele mzuri hautoki guniani, kufuli la kabati halisikii ufunguo. Watoto hulijua hilo kabla hawajajua kusoma, ndiyo maana humpokea mgeni begi lake kwa furaha ya dhati iliyonukia pilau. Wahenga haohao wakaongeza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule aliyefunguliwa kabati Ijumaa, Jumapili anakula kwenye sahani ya bati pamoja na sisi. Hajapungua chochote katika utu wake. Amezoeleka tu, tumeshajua anakoroma na kwamba hapendi bamia. Kwa hiyo tunayemheshimu si mtu, ni ugeni wake. Na kwa kanuni hiyo, mume, mke na watoto waliokwisha kuzoeana miaka ishirini hawana matumaini yoyote ya kuifikia ile sahani, labda waondoke kwanza wakarudi kutoka mbali.

Yupo wa tatu atakayesema haya ni mambo ya pwani ya tangu na tangu, na huyu nampa kiti, kwa sababu ana hoja. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kilikuwa na ukuta wa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa ufundi, ambamo kaure ya kutoka China ilipangwa itazamwe. Kunduchi na Mambrui mambo yalikwenda mbali zaidi: bakuli za China zilijengewa kwenye makaburi ya nguzo. Bakuli lililovuka Bahari ya Hindi yote likaishia kukandikwa kwa chokaa kaburini limefika kikomo cha falsafa ya kutotumia. Hata marehemu hawezi kuliazima. Ila tukubaliane kwamba bakuli lile halikuwa likisubiri kitu. Lilikuwa kazini tangu siku lilipobandikwa, likimwambia kila mpita njia aliyelala pale alikuwa nani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipoyatazama magofu ya Pate aliona madaka ya sahani yamegeuka viota vya ndege, akaomboleza jinsi dunia isivyodumu. Maombolezo yake yana haki. Mimi, ambaye sina uchaji wa kiasi hicho, naona pia kwamba madaka hatimaye yalipata mtumiaji. Kwa sababu hiyohiyo siigusi khanga ya bibi iliyotunzwa kashani. Mjukuu anapoifunua, akainusa na kuirudisha, khanga imeshafanya kazi yake ya siku. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya waliotangulia hakilali. Ninachokishitaki ni kile kilichowekewa watu wasiojulikana, wa tarehe isiyojulikana, na huku chai ya leo inavuja kwenye kikombe cha ufa.

Wanaotushauri tutumie kila kitu leo kwa kuwa kesho hatuijui wanadhani tatizo ni hofu ya kufa. Sioni hofu hapo. Naona matumaini yaliyopita kiasi. Mtu anayefungia glasi ana hakika kabisa kwamba atakuja mgeni wa kufaa, atafika mchana, nyumba ikiwa imefagiliwa, ufunguo ukiwa mahali pake. Hayo hayajawahi kutokea pamoja. Mgeni wa kweli hufika umeme umekatika, na ufunguo uko kwa dada aliyekwenda sokoni. Ananywea kikombe cha plastiki, anashukuru, anaondoka, na mwenyeji anabaki na fedheha ya kuwa na glasi nzuri ambazo hakuna aliyezishuhudia.

Siku hizi hata akija wa kufaa, mambo hayaendi. Mgeni wa sasa hupiga simu kabla, anasema tayari amekula, tusijisumbue, yeye maji tu yanamtosha. Na maji yenyewe si ya mtungini. Mtoto anatumwa dukani akimbie, analeta maji ya chupa, yamewekwa kwenye sinia pamoja na ile glasi iliyotolewa kabatini kwa shughuli kubwa, ikasuuzwa mara mbili na kufutwa kwa kitambaa kipya. Mgeni anafungua kizibo mwenyewe, asikie kikilia, anywe kwa mdomo wa chupa huku akisifu jinsi glasi zilivyo nzuri. Akishaaga, glasi hukaushwa, ingawa haikulowa, na kurudi ndani ya kufuli. Chupa tupu huoshwa na kupangwa juu ya friji na wenzake, maana hizi za siku hizi ni ngumu na zina mfuniko mzuri.