Namna ya Kumkosa Mfanyakazi Hodari

Ndugu mwajiri, njia za kumkosa mfanyakazi hodari ni nyingi, na ya haraka kuliko zote ni tangazo la kazi. Usitaje mshahara. Andika "mshahara mnono" au "maslahi kwa mujibu wa taratibu za kampuni", wazungushe watu kwenye usaili wiki tatu, ndipo umtajie aliyeshinda kiasi kisichotosha kodi ya chumba na nauli ya daladala. Mwenye kazi kwingine atakushukuru na kuondoka. Atakayekubali ni yule asiye na pa kwenda, na siku atakapopata pa kwenda utaanza kutangaza upya.

Halafu dai shahada na uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kupokea wageni. Sharti hilo litamwondoa binti aliyemaliza kidato cha nne na anayejua kumtuliza mteja mwenye hasira kabla hajafika kwa meneja. Mwenye shahada utampata, ila atakaa mapokezi akiwaza kazi aliyoisomea.

Ukitaka kuharibu zaidi, ongeza "awe msichana mwenye mvuto, asiyezidi miaka 28, asiye na familia". Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa jinsia, umri, ndoa, ujauzito, majukumu ya familia au ulemavu, na katika jambo hilo inamhesabu mwombaji kazi kuwa sawa na mwajiriwa. Tangazo la namna hiyo linakuweka upande mbaya wa sheria kabla hata bahasha moja haijafika mezani kwako.

Bahasha za maombi zikianza kufika, hakikisha kila moja imebeba nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, picha za pasipoti na barua ya serikali ya mtaa. Kijana wa Mbagala asiye na kipato atakopa ili akupelekee makaratasi ambayo hutayafungua. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu dawa yake ni nyepesi: omba wasifu na barua ya maombi, vyeti uvione siku ya usaili. Kenya wamelitungia sheria jambo linalokaribiana na hili. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Ajira yanamzuia mwajiri kumdai mwombaji hati za kuthibitisha kwamba hana doa wala deni, mpaka awe anakusudia kumpa mkataba.

Na usichuje. Ita kila mtu siku moja. Juni 2014, usaili wa Idara ya Uhamiaji ulifanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Walioitwa walikuwa zaidi ya 10,000 na nafasi zilikuwa 70, wakajaza majukwaa kana kwamba Simba na Yanga zinacheza. Hakuna jopo duniani linaloweza kuwatazama watu wote hao usoni na kumtambua anayefaa. Nchi nzima iliona picha zile na ikazungumza juu ya ukosefu wa ajira, na ilikuwa haki kuzungumza. Mimi nawafikiria pia hodari waliokuwamo mle ambao hakuna aliyepata nafasi ya kuwasikiliza.

Sasa nawe, mdogo wangu unayetafuta kazi. Ukitaka asikuone mtu, nenda steshenari umwombe kijana anayechapa akupe wasifu wa mtu mwingine, abadilishe jina. Utatoka na kurasa nne zinazosema wewe ni mchapakazi, unafanya kazi bila kusimamiwa na unapenda kusoma vitabu na kutazama mpira. Zitataja dini yako, idadi ya watoto wako na mwaka uliomaliza darasa la saba. Chini yake watakaa wadhamini watatu wenye vyeo vikubwa ambao hawajawahi kukuona ukishika kazi yoyote. Meza ya mwajiri ina wasifu mia wa namna hiyo.

Kitakachokosekana ni miaka mitatu uliyoshinda dukani kwa shangazi pale Tandika. Hukuiandika kwa kuwa hukupewa barua ya ajira. Irudishe, tena juu kabisa: "2021–2024, muuzaji na mtunza hesabu, duka la vyakula, Tandika. Nilifunga hesabu kila jioni, niliagiza mzigo na kufuatilia madeni ya wateja." Kama ulikuwa mweka hazina wa VICOBA, sema ulitunza fedha za watu wangapi na kwa muda gani. Usiongeze hata shilingi moja ya uongo, maana swali la pili kwenye usaili litakuumbua. Kurasa mbili zinatosha. Mdhamini wako awe yule mwenye duka la jumla aliyekuwa akikupa mzigo kwa mkopo na kulipwa siku mliyopatana, naye umwombe ruhusa kabla ya kuandika namba yake.

Wakala akikutaka utoe fedha kwanza ndipo akutafutie kazi, ondoka. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, umeweka msingi kwamba mtafuta kazi hatozwi na wakala. Mwenye kulipa ni anayehitaji mfanyakazi.

Ndugu mwajiri, limebaki moja. Ile sentensi ya "watakaochaguliwa tu ndio watakaopigiwa simu" itawafukuza wazuri wa mwaka huu hata katika nafasi ya mwakani, kwa sababu watu wanakumbuka nani aliwanyamazia. Aliyefika mbele ya jopo lako akakosa, mpelekee ujumbe wa simu wiki hiyohiyo, umwambie amekosa na sababu yake ni ipi.