Namna ya Kupata Uprofesa Ukiwa na Mtoto Mgongoni

Kosa kubwa la wanataaluma vijana ni kuchagua mada ya utafiti kabla ya kuchagua bibi wa kulea. Mada hubadilika, msimamizi anaweza kukufutia sura mbili kwa kalamu nyekundu na maisha yakaendelea. Lakini bibi mwenye magoti mazima, asiyedaiwa kurudi shambani wala kwenye kikoba chake, hapatikani kirahisi. Mtafute mapema, ikiwezekana anayekaa njia moja ya daladala na chuo.

Na usidhani haya ni ya chuo cha Mlimani tu. Marie Curie alimzaa Irène mwaka 1897, na kufikia mwisho wa 1903 alikuwa na shahada ya uzamivu pamoja na Nobeli ya Fizikia. Vitabu vinaisifia radiamu. Eugène, baba mkwe wake, daktari wa tiba aliyehamia kwao akamlea mjukuu, hupewa mstari mmoja akibahatika. Irène naye akachukua Nobeli ya Kemia mwaka 1935, maana yake mzee huyo alilea vizuri kuliko wengi wetu tunavyosimamia tasnifu.

Haya, umejifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, na 100 akipata mapacha. Mtafiti makini ataona mara moja kwamba mapacha ni ufadhili wa nyongeza wa siku 16. Zitumie kuandika makala. Mtoto mchanga hulala saa nyingi mno. Tatizo dogo ni kwamba hazifuatani. Ukirudi kazini, sheria hiyohiyo inakuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ukanyonyeshee wapi, hilo ni eneo linalohitaji utafiti zaidi. Jaribu stoo ya karatasi za mitihani, kama mwenye ufunguo hajaenda msibani.

Baba ana siku tatu, nazo azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ya kwanza apokee pongezi, ya pili apokee pongezi, ya tatu afungashe kwenda kongamano. Baadaye amlete mtoto ofisini mara moja tu, amempakata huku akisahihisha mitihani, na idara nzima itamtangaza mzazi wa mfano. Mama asijaribu. Yeye akija na mtoto ataulizwa kama dada wa kazi ametoroka, na kikao kijacho atapangiwa vipindi vya saa moja asubuhi, apate kuzoea.

Ukiomba kupandishwa cheo, cheti cha kuzaliwa usikiambatishe. Kamati haitakihesabu kuwa chapisho, hata kama kazi hiyo ilihakikiwa na wakunga wawili.

Kitabu kikitoka, andika ukurasa wa shukrani kwa uangalifu: mfadhili kwanza, kisha msimamizi, kisha maktaba. Mwenzi na watoto wape sentensi moja kwa uvumilivu wao. Dada wa kazi, aliyembeba mtoto muda wote ulipokuwa ukichakata data, usimtaje kwa jina. Anaweza kudai kuwa mwandishi mwenza, na ushahidi anao.