Yah: Ombi la Kuthibitisha Lawama Zipi ni Zenu

Kwa: Ikulu ya Marekani, 1600 Pennsylvania Avenue, Washington.

Kutoka: Mkazi wa Maili Moja, Kibaha, mpwa wa mkulima wa korosho wa Maneromango, Kisarawe.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa utaratibu wa kwetu barua hii ilipaswa kupitia ofisi ya mtaa, igongwe muhuri ndipo isafiri. Lakini muhuri una "gharama za wino" ambazo hazitolewi risiti, nikaona bora niwaandikie moja kwa moja. Najua hamtakwazika. Siku hizi hata ninyi mnatangaza ushuru wa dunia nzima kwenye simu, usiku wa manane, bila kupitia kwa mtu.

Shida yangu ni kwamba tangu Januari 2025 hapa Maili Moja hakuna mtu anayekosea. Fundi seremala niliyemlipa nusu ya hela ya mlango amekaa na hela na mlango pia, na nikimfuata ananitazama kwa huruma: "Bosi, si unaona Trump alivyovuruga mambo? Mbao zimepanda." Mbao zenyewe ni za paini, zinatoka Sao Hill kule Mufindi. Konda wa gari la Mbezi aliponibania mia mbili yangu alidai dola zimeadimika. Chenji ya mia mbili, waheshimiwa, haijawahi kuhitaji dola. Kuna mama anauza vitumbua karibu na stendi, na vitumbua vyake vinazidi kusinyaa kila mwezi. Yeye hata haelezi. Anainua kidole tu kuelekea runinga ya mgahawa wa jirani, ambako mnaonekana mkisaini karatasi kwa kalamu nene nyeusi, na mteja analipa.

Umeme ukikatika saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo inaanza, kuna jirani hupaza sauti gizani: "Wamarekani hao!" Nilimcheka, halafu nikakumbuka kwamba hana makosa yote. Februari 2008 Rais George W. Bush alikuja Dar es Salaam, akasaini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698 wa Shirika la Changamoto za Milenia, MCC. Sehemu ya hela hizo ilipanua mtambo wa maji wa Ruvu Chini, uzalishaji ukapanda kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270. Awamu ya pili, takriban dola milioni 472, ilikuwa hasa ya umeme. Machi 2016 mkaisimamisha, mkisema mmekerwa na uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo mle gizani jirani yangu anaweza kuwa na hoja, japo ya zamani. Ila nguzo iliyolala barabarani juzi ililiwa na mchwa, na mchwa wale nawafahamu, ni wa hapahapa.

Ninachoomba ni uthibitisho wa maandishi: yapi ni yenu, yapi si yenu, ili yatakayobaki nijue pa kuyapeleka.

Mengine najua ni yenu, na mojawapo sina kejeli nalo. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa, ilisainiwa amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai mosi USAID ilikuwa imeshafungwa. Jirani yangu mwingine alikuwa mhudumu katika mradi mmoja, akizunguka na pikipiki nyumba kwa nyumba kuwafuatilia waliokatisha dawa za kufubaza VVU. Aliambiwa arudishe pikipiki na funguo. Sasa anakaanga chipsi pale kwenye maegesho ya bodaboda. Watu wake wa zamani bado wanamfuata palepale. Wanaagiza chipsi kavu, wanainama kama wanaochagua kachumbari, wanauliza kliniki siku hizi ni lini. Anawajibu bila kuondoa macho kwenye karai. Hilo andikeni ni lenu.

Kibaha, msituone hivi, si mgeni wa siasa za wakubwa. Nchi za Nordiki zilitujengea kituo cha elimu, mradi ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Ndiyo leo Shirika la Elimu Kibaha. Wakuba walileta teknolojia ya kiwanda cha viuadudu pale TAMCO, dawa ya kumwaga kwenye madimbwi ili viluwiluwi vya mbu vife kabla havijaota mabawa. Wachina walitoa hela za Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kwa Mfipa, iliyozinduliwa Februari 2022, ambako makada wa vyama sita vya ukombozi hufundishwa uongozi, hasa ule wa kudumu. Ninyi mkaleta vyandarua, kupitia mpango wa malaria wa Rais wenu ulioanza mwaka 2005, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo. Kwa maneno mengine mbu wa Kibaha ameshambuliwa na bepari na mkomunisti kwa pamoja, ninyi na Wakuba mliowawekea vikwazo tangu 1962, na ikifika saa kumi na mbili jioni bado anaripoti kazini.

Lakini kitu chenu kinachoonekana zaidi mtaani ni fulana.

Belo la mitumba likifunguliwa asubuhi, katikati ya jinzi na makoti ya baridi ambayo hapa hatuna pa kuyavalia, mnatoka wagombea wenu walioshindwa. Fulana za washindi nadhani hubaki makabatini kwenu. Aliyeshindwa hupandishwa meli. Nimemwona Mitt Romney akisukuma toroli la madumu ya maji. Nimemwona Hillary Clinton akichoma mahindi, na moshi ulikuwa unamwingia machoni. Pale stendi ya Kisarawe kuna kijana wa machungwa mwenye fulana nyekundu iliyoandikwa neno moja, "Jeb!", na alama ya mshangao mwishoni. Nilimuuliza ni kitu gani. Akasema anadhani ni sabuni. Jeb Bush, waheshimiwa, kambi yake ilitumia zaidi ya dola milioni 100, akajitoa Februari 2016 bila kushinda jimbo hata moja. Kisarawe angalau amepata kazi ya kutangaza sabuni.

Msidhani hatukujaribu kuachana nazo. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iishe ndani ya miaka mitatu. Chama cha wafanyabiashara wenu wa nguo chakavu kikalalamika, na mwaka 2017 mkaanza kupima upya kama Rwanda, Uganda na sisi bado tunastahili kuuza kwenu bila ushuru chini ya AGOA. Sisi na Uganda tukaufyata. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Kwa hiyo Romney yule wa toroli yuko Kibaha kwa mujibu wa sera, na mkitaka kumrudisha itabidi mlipie meli wenyewe.

Suala la viza nalipita haraka, kama ninyi mlivyolipitisha. Oktoba 2025 mlitangaza kwamba Mtanzania anayetaka kuja kutembea anaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Hiyo ya juu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Nilipoisoma nilidhani ni wale vijana wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kabla mtu hajapata mnunuzi wa kiwanja chake cha Visiga, Desemba mkatoa tangazo lingine: kuanzia Januari mosi 2026 viza zenyewe, za kutembea na za masomo, kwetu zimesitishwa. Wa kwenu akitua kwetu analipa dola 100, anaambiwa karibu, na anabebewa begi.

Sasa Kisarawe. Mjomba wangu wa Maneromango ana mikorosho ya urithi. Msimu uliopita, kabla ya mnada, alifikiwa na mnunuzi wa kangomba, wale wanaopita jioni na vipimo vyao kukwepa stakabadhi ghalani. Akampa bei ya kutupa, na sababu alikuwa nayo mdomoni: Trump. Mjomba akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza: "Wewe unayefuatilia mambo ya dunia, hivi huyo mzee ana ugomvi gani na korosho zangu?"

Nilimweleza kwa uaminifu. Korosho zetu nyingi husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na Vietnam hubangua na kuuza nyingi kwenu. Tarehe 2 Aprili 2025 mliitangazia Vietnam ushuru wa asilimia 46, sisi mkatupa asilimia 10, kisha mkaanza kupunguza, kuahirisha na kurudisha, mpaka hata wahasibu wenu wakachoka. Kwa hiyo yule kangomba alikuwa na chembe ya ukweli, na uongo wenye chembe ya ukweli ndio unaolipa. Mjomba alinyamaza kidogo. "Na hicho kipimo chake kilichobonyezwa kitako, kikijaa hakijai, hicho nacho ni cha Trump?" Hicho, waheshimiwa, nimekiandika upande wetu.

Kisha mjomba akaingia kwenye suala la barabara. Kibaha na Kisarawe ni majirani wa mkoa mmoja, lakini nikitaka kwenda kumsalimia njia yangu ya uhakika ni kupanda gari hadi Mbezi, kukata hadi Gongo la Mboto, kuunganisha Pugu hadi Kisarawe mjini, ndipo nianze kutafuta gari la Maneromango. Nimetoka Pwani, nimelipia nauli Dar es Salaam, nimerudi Pwani. Ipo barabara ya Makofia–Mlandizi–Vikumburu ambayo ingetufikisha bila kuwasumbua watu wa Dar. Lami yake tunaisikia kila kampeni. Kiangazi tunakula vumbi, masika tunavua viatu. "Na hii nayo ni Marekani?" mjomba akauliza. Nikamwambia hapana, mjomba. "Sasa ni ya nani?" Hapo mtandao ukaanza kusumbua ghafla, sikumsikia vizuri.

Ndiyo sababu barua hii, pamoja na malalamiko yake, ni ya shukrani pia. Kuna wasomi wanaotucheka vijiweni, eti tunajua Pennsylvania ina kura 19 za wajumbe na hatujui mambo ya halmashauri yetu. Si kweli. Ya halmashauri tunayajua. Ndiyo maana tunazungumzia Pennsylvania. Trump tunamsema kwa sauti, mikono juu, kahawa ikimwagika. Shujaa, kichaa, mwongo, kiboko yao, kila mtu na neno lake, na hakuna aliyewahi kuulizwa baadaye alikuwa na maana gani. Siasa zenu ndizo pekee tunazozijadili bila kwanza kuangalia nani amekaa benchi la nyuma.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilizimwa, ikarudi siku kadhaa baadaye. Siku zile mtu alikuwa akinunua kahawa anaondoka nayo. Mtandao uliporudi tukakaa tena, kila mmoja na simu yake mkononi, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu. Aliyefungua mdomo kwanza alisema: "Jamani, Trump anaendeleaje?" Benchi zima likapumua.

Wiki hiyohiyo, Novemba 4, watu wa New York wakamchagua Zohran Mamdani kuwa meya wao, mzaliwa wa Kampala, mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulishangilia utadhani New York ni kituo kinachofuata baada ya Mlandizi. Tulichambua kura za Queens na Brooklyn mtaa kwa mtaa. Vijana wasiowahi kuvuka Chalinze walikuwa wanaeleza kodi za nyumba za Bronx. Mzee mmoja alipoambiwa kijana kashinda kwa asilimia 50 na ushee, aliweka kikombe chini. "Hamsini? Huyo ameshinda au amenusurika?"

Hatukucheka palepale. Kwanza tuligeuka kuangalia benchi la nyuma.

Kwa hiyo naomba msitulie. Mna uchaguzi wa Bunge Novemba 3 mwaka huu wa 2026. Gombaneni vizuri, pelekaneni mahakamani, rudieni kuhesabu kama mlivyofanya Florida mwaka 2000, ambako urais wa nchi nzima uliamuliwa kwa kura 537. Sisi tutakesha nanyi, saa kumi alfajiri tutakuwa macho. Mkija mkawa watu wa amani na utaratibu, mtatuachia Simba na Yanga peke yake, na hiyo nayo ina wakubwa wake.

Orodha mtakayothibitisha naomba ije kwa Kiswahili, herufi kubwa, niibandike ukutani kwa fundi seremala. Itumeni kwenye sanduku la posta la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Lakini kama mtaona kwamba ile barabara ya Mlandizi si kosa lenu, jibu hilo msilitie kwenye bahasha. Sanduku tunalitumia watu wengi, na ufunguo anao yule wa benchi la nyuma.

Wenu katika ujenzi wa taifa, liwe la kwenu au la kwetu,

Mkazi wa Maili Moja