Maua ya Shangazi Yamejaza Hifadhi

Katika ukoo wetu hakuna anayefuta kitu. Picha ya mbuzi aliyekwisha kuuzwa na kuliwa ipo. Video ya send-off ya binamu, nusu yake ikionyesha zulia kwa sababu mpiga picha aliona bora naye acheze, ipo. Na juu ya vyote yapo maua ya Shangazi. Shangazi anaishi Urambo, na kila alfajiri hutupa kwenye kundi la familia picha ya waridi lenye matone ya umande na maneno ya baraka. Wadogo zake humjibu kwa waridi lao. Ikifika saa mbili asubuhi simu za ukoo mzima zimechanua.

Maua hayo yanakaa mahali, na mahali hapo pana mipaka. Google humpa kila mwenye akaunti GB 15 za bure, nazo ni za kugawana: picha, mafaili, barua pepe na, kwa wenye simu za Android, siku hizi hata akiba ya WhatsApp. Zamani picha zilihifadhiwa humo bila kuhesabiwa, mradi zipunguzwe ubora kidogo. Ukarimu huo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Sisi hatukusikia. Tuliendelea kupokea waridi mpaka siku mpwa wangu aliyekuwa akisubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi alipogundua kwamba hifadhi ikijaa barua pepe nazo haziingii. Barua ya usaili ilibisha hodi ikarudi ilikotoka. Ndani kulikuwa na maua.

Ikabidi kikao kiitishwe, chini ya mwembe, kama ilivyo desturi ya mji wetu. Mada: mafaili ya familia yawekwe wapi, kwa bei ipi, na nani asiyaone. Hoja ya tatu aliileta mama watoto, nami nilijua anamwazia nani.

Wa kwanza kutoa suluhisho alikuwa shemeji kutoka Dar es Salaam. Shemeji huyu hasafiri na zawadi, husafiri na suluhisho. Akatoa mfukoni flashi nyekundu, ndogo kama punje ya hindi, iliyoandikwa 2TB. Aliinunua kwa mchuuzi wa barabarani, elfu kumi na tano, tena baada ya kupunguziwa. Tukaichomeka, kompyuta ikakubali kwamba ni 2TB kweli. Tukamimina humo vyeti, harusi, misiba, hotuba ya Baba ya kustaafu. Yote yakaingia bila ubishi.

Kutoka ndiyo ikawa kazi. Majina ya mafaili tuliyaona, moja moja, yamepangika vizuri. Ukilibonyeza, halifunguki. Kumbe flashi za aina hii ndani zina nafasi ndogo tu, ila zimefundishwa kusema uongo: kompyuta ikiuliza ukubwa, inajibu ukubwa ulioandikwa mgongoni. Nafasi halisi ikiisha, data mpya zinaandikwa juu ya zile za mwanzo, au zinamwagwa tu. Hotuba ya Baba ilikuwa imelaliwa na harusi ya binamu. Kwa bahati hatukuwa tumefuta kitu kwenye simu. Hiyo ndiyo faida pekee ya ukoo usiofuta. Shemeji alisema labda kompyuta yetu ni ya zamani.

Hoja ikahamia kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hapo akaingia jirani yangu, Mzaramo mstaafu wa reli, ambaye hakualikwa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kukutana na babu zake huko, kwa hiyo hakuna mlango wa kumfungia.

"Mtani," alisema, akijivutia kiti, "nyie mlibeba pembe za watu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Leo picha zako mwenyewe zinakushinda kuzifikisha?"

Nikamjibu kwamba sisi angalau tulifika, wao walikuwa wametukalia pwani watuuzie maji. Lakini swali lake lilikuwa na maana kuliko alivyokusudia. Bei ya nafasi si tatizo sana: GB 100 za Google kwa bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi, na GB 50 za Apple ni senti 99 za dola. Familia inayochangia harusi haiwezi kulia kwa dola mbili. Tatizo ni nauli. Mafaili yetu hayapungui GB 60. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, na hiyo ni siku mtandao umeamka vizuri, mzigo huo unahitaji karibu saa 67 bila kupumzika. Nani ana bando la saa 67? Wapagazi walikuwa wakitozwa hongo na kila mtemi waliyepita nchini mwake, hasa Ugogo, na mimi nilijiona nikipita Ugogo ule ule: bando la siku limeisha, bando la wiki limeisha, na picha za kipaimara cha binti bado hazijavuka Manyoni.

Lakini kabla hatujakata shauri, mama watoto alirudi kwenye hoja yake ya tatu, na ni haki yake. Alikuwa anaiwazia steshenari.

Msomaji wa mji wowote wa Tanzania anaijua. Unakwenda kutoa kopi ya cheti, kijana anakiskani, kinatua kwenye skrini ya kompyuta yake pembeni ya vyeti vya wenzako. Kama unataka akutumie kwa simu, anafungua WhatsApp ya kwenye kompyuta, ambayo mara nyingine ni ya mteja wa jana aliyesahau kutoka. Wewe ukisubiri foleni unasoma majina ya mafaili: "CV mpya ya mwisho kabisa", "hati ya kiwanja", "barua ya talaka". Hiyo ya mwisho, naambiwa, mtaa uliijua kabla mume hajaijua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Sijaona steshenari hata moja ambamo sheria hiyo imebandikwa ukutani. Nimeona "Mali bila daftari". Cheti chetu cha ndoa kilikaa kwenye skrini ya namna hiyo muda mrefu, na mama watoto aliambiwa na mwanakwaya mwenzake umri wake halisi.

Sasa, mimi nafundisha Historia, na mtani wangu alikwisha kutabiri kwamba nitafika Kwihara, ijapokuwa kikao kilihusu picha. Kwihara ipo nje kidogo ya mji, lilipo tembe alimokaa mmisionari Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Wanafunzi nikiwapeleka huniuliza kama kuna soda. Mimi huwaambia habari ya karatasi.

Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, katika Kongo ya leo, karatasi zikamwishia. Akachukua gazeti kuukuu la Uingereza akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mimea. Humo, Julai mwaka huo, aliandika jinsi watu wa wafanyabiashara wa misafara walivyowafyatulia risasi wanasoko, wengi wao wanawake. Hayo si maneno ya kumkabidhi mpita njia. Barua nyingi alizokuwa ametuma nyuma kupitia watu wa Ujiji hazikufika pwani, naye aliamini waliozichukua hawakupenda yaliyomo yasomwe Unguja. Mbebaji alikuwa na sababu zake na mzigo. Kampuni inayosoma mafaili yako ili ijue ikuuzie nini nayo ina sababu zake.

Alichofanya mzee yule ni hiki. Alinakili habari zake kwenye shajara kubwa, ambayo leo wanahistoria huiita Shajara ya Unyanyembe, yaani sisi hapa. Mgeni wake, Stanley, alipoondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872, aliibeba shajara hiyo ikiwa imefungwa kwa lakiri tano. Muhuri rasmi hawakuwa nao, kwa hiyo waligandamiza nta kwa sarafu ya dhahabu ya Marekani, kwa sarafu za anna, na kwa kipande cha rangi ya kuchorea chenye nembo ya kifalme. Stanley, mwandishi wa gazeti, mtu aliyeishi kwa habari, aliibeba habari kubwa kuliko zote njia nzima akiwa na amri ya kutoifungua. Njiani, kwenye mto uliofurika, kijana aliyekuwa na sanduku la karatasi kichwani alitumbukia kwenye shimo la maji, Stanley akamwelekezea bastola ili asilidondoshe. Kijana akavuka na sanduku. Tarehe 6 Mei walikuwa Bagamoyo.

"Mnyamwezi huyo," alisema mtani. Simjui kabila lake, lakini nilipokea pongezi.

Binti yangu wa chuo, aliyekuwa akimenya karanga kimya, ndiye aliyemaliza ubishi. "Baba, misafara ilibeba pembe na vitambaa mizigo kwa mizigo, lakini zilizotiwa lakiri zilikuwa karatasi chache. Sisi tunataka kutia lakiri waridi la Shangazi."

Na ndivyo ilivyo. Tulikuwa tunabishana wiki nzima kati ya urahisi wa bei na usiri kana kwamba lazima uchague kimoja. Tulipozitenga kando hati za kiwanja, vyeti vyote, kadi za kliniki, wosia wa Baba na mikataba, hazikufika hata GB 1. Siri za familia ni nyepesi mno. Kilicho kizito ni harusi, na harusi walialikwa watu mia nne. Kwa hiyo picha na video zilikwenda kwenye GB 100 za kulipia, kule ambako kampuni inazifunga lakini funguo inabaki nayo yenyewe. Ikiona zulia la send-off, na ilione. Hati zilikwenda kwenye huduma za aina nyingine, ambamo mafaili hufungwa kwenye kifaa chako kabla hayajaondoka na funguo unabaki nayo wewe. Proton Drive ya Uswisi hutoa GB 5 za namna hiyo bure, MEGA hutoa 20. Anayetaka kubaki Google anaweza kuzifunga kwanza kwa programu ya Cryptomator, ambayo kwenye kompyuta hailipiwi. GB 60 za harusi tukazipandisha usiku, kidogo kidogo, kwa intaneti ya chuo cha binti, kwa idhini.

Ila funguo yako ni yako kweli. Ukiipoteza hakuna namba ya kupiga. Mdogo wangu, aliponogewa na habari za usiri, aliamua akiba yake ya WhatsApp nayo ifungwe, na akachagua ile funguo ndefu ya herufi na tarakimu 64. Akaiandika nyuma ya kalenda ya SACCOS, mahali ambapo hakuna mwizi angefikiria kutazama. Mwaka ulipoisha mkewe akafanya linalofanywa na kila mama wa Tanzania kwa kalenda nzuri: akafunika daftari za watoto. Simu ya mdogo wangu ikaharibika Februari. Funguo ilipatikana kwenye jalada la daftari la Hisabati, darasa la tano, na daftari lenyewe lilikuwa kwa mwalimu kwa kusahihishwa. Liliporudi, mwalimu alikuwa ameweka alama ya kuuliza pembeni ya zile tarakimu, na maneno: "Onyesha njia."

Mpwa wangu naye, yule wa waridi, aliapa kwamba mambo yake yote sasa yatakaa mtandaoni tu. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu alitakiwa kupeleka kopi za vyeti. Vyeti vilikuwa salama kabisa, vimefungwa kwa ustadi, na havifikiki. Alikwenda na barua ya mtendaji wa mtaa na sura ya huruma. Tangu hapo nyumbani kuna diski ngumu iliyonunuliwa dukani, kwa risiti, nayo inakaa kabatini na nakala ya kila kitu. Wapiga picha wana kanuni yao ya 3-2-1: nakala tatu, za aina mbili tofauti za vifaa, moja ikiwa mbali na nyumbani. Shemeji anasema hiyo aliisema yeye.

Gazeti la Nyangwe lenyewe lilifika Uingereza, lakini wino wa mimea ulififia hata hausomeki. Wataalamu waliupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maandishi yakatolewa hadharani mwaka 2011. Faili la miaka 140, na limefunguka. La shemeji halijafunguka bado.

Kwa anayeanza leo: usilipie mwaka mzima kabla hujapandisha faili moja, ukalifuta kwenye simu, ukalirudisha na likafunguka. Na nina ombi kwa kijana wa steshenari fulani, ambaye anajijua. Cheti chetu cha ndoa kipo kwenye skrini yako, safu ya pili, faili linaitwa "mzee wa miwani". Lifute. Halafu fungua na lile pipa la taka la kompyuta, ulifute na humo.