Sifa za Jiwe Linaloteleza

Wanaoisifu Lisbon huinua shingo. Husifu mnara wa Belém, vigae vya buluu kwenye kuta za makanisa, tramu namba 28 inavyojikongoja kupanda mtaa wa Alfama, na jua la alasiri linavyometameta juu ya mto Tejo. Sijaona anayeinamisha kichwa. Dhuluma hiyo nataka kuiondoa leo, maana chini kabisa, chini ya soli za watu wote hao, kuna kiumbe ambacho naamini kimeangusha watu wazima wengi kuliko mvinyo wa Porto, na bado hakijapata msifu wake.

Nalisema jiwe. Lile jiwe jeupe la chokaa, dogo kama kipande cha sabuni ya kufulia na, likishanyeshewa, lenye tabia zilezile. Limetandikwa karibu kila njia ya waenda kwa miguu ya jiji lile, likichanganywa hapa na pale na jiwe jeusi ili kuchora maua, merikebu, nyota na mawimbi. Wareno huiita kazi hiyo calçada. Wageni huiita majina mengine, hasa usiku, hasa kwenye mteremko.

Sifa njema huanza na nasaba, na nasaba ya jiwe hili haina doa. Mengi yametoka kwenye milima ya chokaa ya Aire na Candeeiros, kaskazini mwa Lisbon, ambako dinosauri walipita wakaacha nyayo zinazoonekana mwambani hadi leo. Chokaa ileile iliyombeba mnyama wa tani kadhaa bila kelele leo inamwangusha kijana wa kilo 70 aliyeshika kikombe cha kahawa. Hapo mwenye akili anatambua kosa ni la nani.

Malezi yake yalikuwa ya gerezani. Mwaka 1842 kamanda wa ngome ya São Jorge, Eusébio Furtado, aliwatoa wafungwa wake, akawapa nyundo, wakatandika eneo la ngome kwa mistari myeusi na myeupe ya kupindapinda. Watu wa mjini wakapanda kilima kwenda kushangaa. Kufika 1848 mkuu huyohuyo akakabidhiwa uwanja wa Rossio, katikati ya jiji, na huko likazaliwa lile umbo la mawimbi ambalo baadaye lilivuka bahari hadi Manaus na Copacabana kule Brazili, na hata Macau. Ukiyatazama kwa muda mawimbi ya Rossio unapata kichefuchefu cha jahazini bila kulipa nauli. Lakini mimi napenda zaidi mwanzo wake ngomeni. Njia iliyotandikwa na watu wasioruhusiwa kutoka inakanyagwa leo na watu wasioweza kutulia.

Watu hao ndio sisi, wafanyakazi wa mbali. Ureno ilitufungulia mlango rasmi mwishoni mwa Oktoba 2022, kwa viza maalumu ya mtu anayeishi kule akilipwa na mwajiri wa kwingine. Sharti kubwa ni kipato: kisipungue mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa nchi. Kwa mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 870, kwa hiyo anayebisha hodi alitakiwa aonyeshe euro 3,480 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba serikali yenyewe imepima kwa rula umbali kati ya mgeni na mhudumu anayempelekea kahawa.

Na mgeni huyo yuko wapi hasa? Kiwiliwili kiko Lisbon. Akili iko Nairobi, au Dar es Salaam, ambako wakati wa baridi saa zimetangulia kwa tatu. Kikao cha saa tatu asubuhi cha Dar humkuta saa kumi na mbili, giza bado limetanda, blanketi mabegani, kompyuta mpakato mapajani, katika nyumba ambayo mwenye nyumba aliipaka rangi lakini hakuitia kipasha joto. Pesa yake iko kwenye akaunti ya nchi ya tatu. Mchana anaagiza chakula kwa simu, anafungua mlango kwa namba, analipa kwa kugusa kadi, anazungumza Kiingereza na muuza samaki. Jiji zima limepigwa randa kwa ajili yake ili asijikwae na lolote la Kireno.

Isipokuwa jiwe. Jiwe halijajifunza Kiingereza. Ukiteremka ngazi za Alfama huku unajibu ujumbe wa bosi, jiwe litakujibu kabla yake. Kwa sekunde ile moja ambayo mguu umeondoka na nyonga haijafika chini, hauko Nairobi, hauko kwenye kikao, wala akaunti yako haina nchi. Uko Lisbon, mwili na roho, pengine kwa mara ya kwanza tangu uvuke uwanja wa ndege. Nionyeshe kanisa au jumba la makumbusho lenye uwezo huo.

Tena ni bure. Ndani ya jumba la makumbusho la Museu Nacional de Arte Antiga imewekwa Custódia de Belém, chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, kilichofuliwa kwa dhahabu ambayo Vasco da Gama aliichukua Kilwa kama kodi. Mtu wa pwani yetu akitaka kuiona dhahabu ya wazee wake hukata tiketi, halafu huitazama nyuma ya kioo, mikono mgongoni, asije akamtia wasiwasi mlinzi. Jiwe la nje ya mlango halina kioo. Linagusika kwa kiganja, kwa goti, kwa kiwiko, na hakuna mlinzi atakayekukataza.

Kwenye suala la kodi, jiwe limekuwa na msimamo kuliko wizara. Mwaka 2009 Ureno ilianzisha nafuu ya kodi ya mapato kwa wageni wanaohamia, ya miaka 10, ikawavuta wengi, wananchi wakanung'unika, na mwaka 2024 mlango ukafungwa kwa waombaji wapya. Katika miaka yote hiyo jiwe halikumpa mtu nafuu hata siku moja. Lilitoza vifundo vya miguu, visigino vya mchuchumio, skrini za simu na magurudumu ya masanduku. Hayo magurudumu hasa. Sanduku la magurudumu likiburutwa juu ya mawe yale saa sita za usiku hutoa mlio unaoamsha mtaa mzima wa Mouraria, na wenyeji, bila kufungua dirisha, hujua kwamba mpangaji mwingine wa wiki moja ameingia na kwamba kodi ya pango haitashuka. Mji ambao umejaa nyumba za kukodishwa kwa siku ungeweza kuwaficha wapangaji wake kwenye ukimya wa lami. Jiwe limekataa kushiriki njama hiyo.

Msidhani uhodari wa kutelezesha unakuja wenyewe. Una mafundi. Fundi wa calçada hukaa kwenye kigoda kifupi, jiwe kwenye kiganja cha kushoto, nyundo kulia. Anagonga mara mbili tatu, jiwe linapata sura linayotakiwa kuwa nayo, analichomeka kati ya wenzake juu ya mchanga, anashika jingine. Mianya hujazwa, maji hunyunyizwa, kisha eneo lote hushindiliwa. Palipo na mchoro hutangulia kiolezo. Zamani mafundi hao walikuwa mamia. Walipopungua hadi kutia aibu, jiji likafungua shule yao mwaka 1986, na baadaye likawasimamishia sanamu ya shaba. Mshahara haukuinuka kwa kasi ileile, na vijana wamegundua kwamba kuna kazi nyingine zinazofanyika kwa kukaa, penye joto, bila nyundo. Mimi nafanya mojawapo.

Jiwe linapotoka mkononi mwa fundi bado linakwaruza, bado lina adabu. Wanaolifundisha ujeuri ni sisi. Miguu ya vizazi, na siku hizi ya watalii na raba zao, hulisugua hadi ling'ae; kisha inakuja mvua ya Novemba juu ya vumbi na mafuta ya magari, na masomo yamekamilika. Kadiri mtaa unavyopendwa ndivyo unavyoangusha. Kwa hiyo anayetaka kujua mtaa upi umeharibiwa na umaarufu asisome takwimu. Atembee akiwa na viatu vya ngozi.

Lina huruma zake pia, tusizifiche. Maji hupenya kati ya vipande, jambo la maana katika jiji la vilima ambako mvua hukimbilia mabondeni. Bomba likipasuka, mawe hung'olewa, bomba likazibwa, mawe yaleyale yakarudishwa, ilhali lami ingetupwa. Hata sanaa imelikubali: mwaka 2015, Alfama, msanii Vhils pamoja na mafundi wa jiji walitengeneza uso wa mwimbaji wa fado Amália Rodrigues kwa mawe hayo, yakianzia chini na kupanda ukutani, ili mvua ikinyesha mama huyo alie. Machozi yake hutiririka hadi kwenye viatu vya watazamaji, nao husogea nyuma kupiga picha, na yanayofuata mnayajua.

Wapo wanaolipinga. Jiji lilipopitisha mpango wake wa njia za waenda kwa miguu, karibu na mwaka 2014, ukiwa na pendekezo la kuliondoa jiwe baadhi ya sehemu na kuweka kitu kisichoteleza, walizuka watetezi wa urithi wakilitetea kwa ghadhabu. Nami nilitamani kujiunga nao. Ila hapa msifu analazimika kukohoa kidogo. Wanaolitetea jiwe kwa sauti kubwa wengi wana magoti mazima. Mabibi wa Alfama, ambao walizaliwa juu yake, hutembea wakiambaa ukuta, pale ambapo miguu haijapapiga msasa, hatua fupifupi, mkono mmoja kwenye nondo ya ngazi na mwingine kwenye mfuko wa viazi. Mwenye kiti cha magurudumu hashuki kabisa. Hao jiwe haliwafundishi kuwepo Lisbon. Wamekuwepo Lisbon siku zote. Linawafungia ndani tu, kama ngome ilivyowafungia wafungwa wa Furtado, bila hata kuwapa nyundo.

Kwa hiyo, waheshimiwa wa manispaa, ombi langu ni hili. Kila palipo na duka la dawa, zahanati, kituo cha basi na mlango wa mzee anayeishi peke yake, wekeni saruji yenye kukwaruza, tena nene. Mawe mtakayoyang'oa msiyatupe. Yapelekeni mbele ya nyumba za kukodishwa kwa wiki, mbele ya mikahawa inayouza kahawa kwa bei ya mlo, na mbele ya ile ofisi ya kukodi meza ninayokwenda mimi. Yatandikwe upande uliong'aa ukiwa juu, mteremko usipunguzwe, na ikiwezekana mfanyakazi wa jiji apite asubuhi na mpira wa maji.